Mwanafunzi Aliyenifundisha

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, waheshimiwa maprofesa, watoto wa mhitimu wetu, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana: habari za mchana.

Nimepewa heshima ya kumsifu mwanafunzi wangu wa uzamivu, ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wangu nikiwa kidato cha pili. Je, ndugu zangu, nani kati yenu angethubutu kumwambia mtu aliyewahi kumpigisha magoti mbele ya shule nzima kwamba sura ya tatu ya tasnifu yake ni dhaifu?

Alipostaafu tulidhani atafuga kuku. Akaja maabara kwangu. "Watoto wangu wa bweni walimeza dawa wasipone," akasema. "Mmoja nilimzika. Nataka kujua bakteria wanaikwepaje dawa." Nikamweleza kuwa kwenye utando wa bakteria kuna protini inayoisukuma dawa nje kama pampu. Akasema, "Basi nipe hiyo pampu niikague."

Pampu ikamkatalia. Kila alipoitoa kwenye utando iliganda kama maziwa yaliyochacha. Mwaka ukapita, na mwingine. Siku moja akavua koti la maabara, akalikunja vizuri, akaniwekea mezani. "Mwanangu, nimechoka. Wacha nirudi nyumbani."

Nilitaka kujibu "Sawa, Mwalimu," kwa mazoea. Badala yake nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Hakuna ruhusa. Keti ufanye kazi."

Mimi natafuta mlango kwa macho. Akanitazama juu ya miwani.

"Unajua unaongea na nani?"

"Naam, Mwalimu."

Akaketi. Akaachana na sabuni kali aliyokuwa akiitolea protini kwenye utando, akajaribu iliyo laini zaidi. Wiki iliyofuata tukasikia ukelele kutoka chumba cha baridi: protini imetulia, haijaganda hata chembe! Profesa mmoja, ambaye yuko hapa mbele, alikumbatiwa bila kuulizwa.

Leo asubuhi nilimpitia maabara. Nilimkuta na joho lake, mikono ya joho ameikunja hadi viwikoni, anawalisha bakteria. "Mwalimu, tunachelewa!" "Tangulia," akasema. "Hawa hawajui kama kuna sherehe."

Kwa hiyo, waheshimiwa, msishangae kiti kile cha mbele bado ni kitupu. Baba watoto wake yuko nje ya maabara, ndani ya gari, anapiga honi. Daktari wetu akiingia, tafadhali tusimame sote, na mtu asimwambie niliyoyasema.

Asanteni sana kwa masikio yenu.