Shukrani za Taa na Ombi la Giza

Mgeni rasmi, Bwana Injinia wa Vivuko, Chifu wetu, wazee wa mtoni na wazee wa ng'ombe, akina mama mliokuja na wachanga: salaam kwenu nyote.

KARIBU

Sisi wanafunzi wa darasa la jioni, tulio pia wapiga picha za nyota, tunakukaribisha Garsen. Barabara uliyoijia unaijua mwenyewe, hatutaitaja, leo si siku yake. Umekuja kutuwashia taa ya umeme ya kivuko, na tunaishukuru kwa moyo mmoja, maana mamba wa hapa hawana adabu gizani. Tafadhali ishike shukrani hii vizuri. Tutaihitaji tukifika kwenye ombi.

TULIKOTOKA

Mpimaji ardhi mmoja alimwachia Mzee Barnabas kamera ya vioo, ile inayonasa picha juu ya kioo badala ya filamu, kwa kumvusha salama na masanduku yake wakati wa gharika. Mzee alitaka kuifanya kiota cha kuku. Mwalimu Godhana akamsihi, akatueleza kwamba kamera ikifumbuliwa jicho kwa muda mrefu hukusanya mwanga unaotupita sisi: mawingu ya mbinguni yaitwayo nebula, na miji ya nyota iliyo mbali mno, iitwayo galaksi.

Kumbe nyota hutembea. Fundi Karisa akajenga nguzo ya saruji, akaifunga kamera juu ya bawaba ya mlango iliyolazwa kuelekea kusini, akatia skrubu ya kuisogeza polepole iwafuate hao wasafiri. Wanaume walijaribu kuizungusha. Kila mmoja alizungusha kwa kadiri ya njaa yake, na nyota zikatoka kama mistari ya mvua. Ndipo Hulda, mwanafunzi mwenzetu, akakaa na mwanawe Kaviha mgongoni, akawa anazungusha kidogo kila amalizapo ubeti wa wimbo wa kumlaza. Nyota zikatulia. Tangu hapo skrubu ni yake, ingawa Kaviha akigoma kulala wimbo huenda mbio, na mbingu nayo.

TULIYOYAPATA

Hatuna budi kuanza na galaksi yetu ya kwanza. Ilikuwa nzuri, imejisokota kama mkia wa kinyonga. Tulipiga vigelegele, tukaipa jina la Chifu, naye akaipokea kwa hotuba. Hulda peke yake hakuwa na raha, kwa kuwa pale penye galaksi yeye alikumbuka hapakuwa na kitu. Alilowesha kidole kwa mate, akagusa kioo. Galaksi ya Chifu ikahamia kidoleni.

Ilikuwa tope. Tulikuwa tumeosha vioo kwa maji ya Tana, kama tunavyoosha kila kitu. Siku hizi tunatumia maji ya mvua. Chifu, samahani tena.

Baadaye tulipata wingu la kweli, lililo karibu na zile nyota tatu za mstari. Linafanana na unga uliopulizwa. Hulda alilisugua hadi Mwalimu akamnyang'anya kioo. Halikutoka.

YANAYOTUSUMBUA

Kwanza ni moshi. Jirani yetu Dukicha huwasha kinyesi cha ng'ombe kufukuza mbu, na Hulda alikwenda kumwomba.

"Kwani hizo nyota zenu zina haraka gani?" Dukicha aliuliza.

"Kilimia kinakaribia kuzama, kaka. Masika yakifika, hatukioni tena."

"Na ng'ombe wangu wanaumwa sasa hivi."

Hata hivyo aliuhamisha moto, na sasa huja kutushauri kila tupigapo picha. Huja na tochi. Hilo ni la pili.

La tatu ni vioo. Joto limeviotesha ukungu, na kizima kimebaki kimoja. Hicho Hulda amemwahidi mama mkwe wake, Bibi Tamar wa Wenje. Bibi Tamar ndiye aliyekuwa akitazama Kilimia, kile kishada cha nyota, na kuwaambia watu walime lini. Tangu usichana wake amesema nyota zile zina moshi, na watu wakamcheka, wakamwuliza nani anapika huko. Mwalimu amesoma kitabuni kwamba upo kweli, ni nebula. Lakini macho ya Bibi sasa yanafifia.

"Niletee hapa karibu na pua, mwanangu," alimwambia Hulda, "niwaonyeshe waliocheka, kabla sijashindwa kuiona hata pua yenyewe."

Hulda alicheka pale. Njiani kurudi hakuimba.

La nne, mgeni rasmi, ni jema mno kuitwa tatizo. Mlingoti wa taa yako umesimama magharibi, katikati ya nguzo yetu na Kilimia. Mafundi wako walipoijaribu, kioo chetu cha kabla ya mwisho kilitoka cheupe chote. Dukicha alisema tumepiga picha ya maziwa.

TUNALOOMBA

Wengine walitaka tuombe mlingoti uhamishwe. Hulda alikataa, kwa sababu mumewe huvuka kila jioni akitoka shambani, naye anapenda mume amwone mamba kabla mamba hajamwona mume. Basi ombi letu ni dogo. Washa taa. Tutapiga makofi, tena ya kweli. Kisha uizime, kwa sababu yoyote ya kiinjinia itakayokujia, utoe hotuba yako gizani. Kivuko kitakuwa kimefungwa kamba, hakuna atakayeliwa. Tumesikia kwamba hotuba zako ni ndefu. Tunaomba ya leo iwe ndefu zaidi.

Kioo kimo tayari ndani ya kamera. Ukimwona mwanamke kando ya nguzo asiyepiga makofi, usidhani hana shukrani. Mkono wake mmoja uko kwenye skrubu, wa pili kwenye kifuniko cha jicho la kamera, anangoja useme, "Mabibi na mabwana."

Mwenyezi Mungu akupe afya, akurudishe salama kwa watu wako, na jioni hii akujalie maneno mengi.

Ni sisi,
Chama cha Wapiga Picha za Nyota, Darasa la Jioni,
Garsen, Machi 1956