Nesi Mitsue Karasawa, Aliyeuliza Tofu Kala Nani

Nina miaka themanini na sita. Nimeishi kupita vita, kupita shule ya msingi ya Otozawa iliyofungwa kwa kukosa watoto, kupita magari matatu ya kituo cha afya na wakuu wake wanne, na kupita mke wangu Kinu. Sasa Nesi Mitsue Karasawa naye anaondoka. Anastaafu tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na minane. Nimeombwa niandike kwa sababu ndimi niliyemwendesha kwa gari la kituo miaka ishirini na miwili. Kalamu na mimi hatujuani sana, lakini barabara za milima hii hakuna anayezijua kunishinda. Hilo nalo liandikwe.

Alikuja msichana wa miaka ishirini na miwili, begi kubwa kuliko yeye. Theluji ya kwanza ilimwangusha mara tatu kati ya geti na mlango, wazee wakamcheka. Mwaka uliofuata alipanda kwa miguu hadi nyumba ya juu kabisa kupima presha, na wale wale waliomcheka wakawa wanaficha vyombo vya chumvi wakimwona anakuja.

Vuli ya mwaka 1988 Daktari Hoshina alileta utafiti. Alisema ndani ya soya mna kitu kinachofanana na homoni ya kike, ila dhaifu. Mwanamke akishakoma hedhi, homoni yake hupungua na moyo wake hupoteza kinga. Je, tofu, ile jibini ya soya, na supu ya miso, soya iliyochachushwa, huusaidia? Wanawake sitini waliandika chakula chao kwenye madaftari siku saba, na siku ya mwisho wakakusanya mkojo wao wote kwenye chupa, maana aliyekula soya, kitu kile hutokea humo. Chupa zile nilizipeleka mjini mimi. Kona arobaini na moja, halikumwagika tone.

Februari majibu yakaja, hayaelewani. Madaftari yalisema wanawake wetu wanakula tofu kila siku. Mikojo ilisema hawaigusi. Watu wa maabara wakasema dereva kachanganya chupa. Mimi! Nikawaka. Nesi akawajibu kwa simu, nikimsikia: "Chupa za Mzee Shimojo ziko sawa. Kosa liko mezani." Akaanza kupita tena nyumba kwa nyumba kulisafisha jina langu.

Tulianza kwa Sumiyo Takei, mwenye duka la tofu.

"Mama, hapa umeandika tofu. Uliila?"

"Si niliipika nikaiweka mezani?"

"Kala nani?"

Sumiyo alicheka mpaka akashika mlango. "We binti, ndiyo maana huolewi! Tofu ni ya mwanaume na sake yake, pombe yake ya mchele. Mimi nakula wali na figili za chumvi jikoni, tena nimesimama."

Nyumba baada ya nyumba, jibu lile lile. Waliandika walichoandaa, hakuna aliyefikiri anaulizwa alichoweka mdomoni mwake. Kwenye gari nikapiga usukani kwa furaha: "Umeona? Shimojo hachanganyi chupa!"

Nesi hakucheka. "Mzee, imebaki nyumba moja."

Ilikuwa yangu. Kinu alikuwa amefariki Januari ile, moyo, ameangukia jikoni, miaka hamsini na minane. Daftari lake lilisema tofu siku zote saba.

"La marehemu liache," nikamwambia. "Kama huliachi, shuka utembee."

Akashuka. Alitembea kwenye theluji hadi kituoni, na wiki tatu nzima nilimwendesha bila kumsemesha. Angeweza kulitupa, madaftari yakabaki hamsini na tisa, nani angeuliza? Angeweza kujaza jibu mwenyewe. Hakufanya hivyo. Alilibeba kwenye begi lake kila siku, akasubiri.

Asubuhi moja nikasimamisha gari kando ya barabara. "Angekula yeye, angekuwa hai?"

"Sijui, Mzee. Madaktari wenyewe bado wanabishana. Ningejua, ningekwambia."

Siku ile nilitamani anidanganye, upande wowote. Leo ndicho kitu ninachomshukuru kuliko vyote. Nikanyoosha mkono, akanipa daftari na kalamu, akatazama dirishani mpaka nilipomaliza.

Tangu hapo, katika mikutano ya akina mama alikuwa na somo moja: keti kwanza, kula na wewe. Waume walilalamika. Mwaka wa tatu Sumiyo alianza kuuza vipande viwili viwili kwa nyumba zilizokuwa zikinunua kimoja. Kama mioyo imenufaika, wasomi watasema. Mimi nimeona wanawake wameketi, na sikuwahi kumwona Kinu akiketi.

Nesi Karasawa, kwa niaba ya kituo chote, asante. Miguu yako ipumzike, uamke umechelewa, ule chakula chako kikiwa cha moto. Tutakukumbuka.

Anayebisha haya, Sumiyo Takei yupo dukani, na Daktari Hoshina hajafa. Daftari la Kinu liko kwenye kabati la kituo, rafu ya chini. Mistari saba imekatwa, na pembeni ya kila mmoja kuna mwandiko mbaya, ni wangu: hakula, nilikula mimi.