Kabla ya Kumkataa Mtu, Mpigie Simu

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, wakuu wa vitivo na idara, ndugu wahadhiri na watafiti, wafanyakazi wenzangu, wanafamilia wa mstaafu wetu, na ninyi wajukuu mlioteka mstari wa mbele na hakuna aliyethubutu kuwaondoa: habari za mchana.

Nimepewa dakika tano niuelezee mfumo mpya wa kusimamia ruzuku za utafiti, tuliouzindua leo, na hapo hapo nimuage Mama Majalada, aliyeifanya kazi hiyo kwa mikono yake miaka thelathini na moja. Dakika tano hazimtoshi hata salamu, lakini nitajikaza.

Nianze na kosa langu, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Miaka miwili iliyopita niliingia ofisini kwake na kompyuta kwapani, kichwa juu, nikamwomba anieleze kazi yake. Akasema ombi la ruzuku linaingia, analisoma, saini zikitimia linapanda kwa kamati. Nikaandika yote. Nyuma ya mlango palikuwa na kabati fupi, majalada yamelazwa.

"Na haya, mama?"

"Hao wagonjwa wangu. Kila mmoja kapungukiwa na kitu kidogo."

Nilicheka, sikuandika. Jamani, mtu mwenye shahada mbili anaonyeshwa kabati zima, asiulize wagonjwa hao wanatibiwaje?

Siku ya majaribio ikafika. Saa kumi jioni kamili mfumo ulifunga mlango na kutuma barua za kukataa wenyewe, nasi mafundi tukapigiana makofi. Barua moja ilimwendea dada yetu mhadhiri anayepima maji ya visima vya shule za msingi. Miaka minne ya sampuli. Kosa lake? Mkuu wa idara yake alikuwa safarini, saini ikakosekana. Bila ruzuku ile, maabara isingemhifadhia sampuli hata mwezi mmoja zaidi. Alisoma barua, akaanza kuzipanga sampuli zake kwenye maboksi zikatupwe.

Asubuhi Mama Majalada alikuja mezani kwangu. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, yule wa visima yuko wapi?"

"Amekataliwa, mama. Saini haikutimia."

"Nani kampigia simu?"

"Mfumo umemtumia barua."

"Sikuulizi barua. Nakuuliza nani kampigia."

Nilikosa pa kuuficha uso. Akavuta simu yangu mwenyewe, akamtafuta mkuu wa idara huko huko alikokuwa, akambembeleza mwenyekiti wa kamati, kisha akamwambia dada yetu: "Usitupe kitu. Nipe siku mbili."

Siku ya pili saini ikafika. Leo dada yetu ameketi pale, mstari wa tatu, na visima viwili ambavyo watoto walikuwa wakinywa maji yake machafu vimefungwa. Nasema wazi, bila mama huyu watoto wale wangekuwa wanakunywa mpaka leo, na mfumo wangu ungekuwa unajisifu kwa kufunga mlango kwa wakati.

Nikarudi kwake, safari hii kichwa chini. Miezi mitatu alisema, nami nikaandika. "Huyu wa fizikia usimtumie ujumbe, hasomi. Mpigie mkewe." Yamo yote kwenye mfumo, ndugu mwanafizikia, usinune. Na sasa mfumo hautoi barua ya kukataa mpaka ofisa ampigie mwombaji na aandike walichozungumza. Wapo walioniuliza, ujumbe mfupi hautoshi? Mheshimiwa Makamu Mkuu akawajibu kwa niaba yangu kwamba hautoshi, na ninamshukuru hadharani.

Mama, niliingia ofisini kwako nikiamini nimekuja kukiondoa kiti chako. Nisamehe. Nimeomba mwaka huu nikikalie mimi, nao wakubwa wamekubali. Jumatatu naanza na maombi kumi na saba yenye upungufu, na majina yote kumi na saba ninayo mfukoni. Nitawapigia mmoja mmoja.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Mama, pumzika.