Chupa Sita za Othmar Kumburu

Baba Padre, viongozi wa kata na wa chama cha msingi, wazee wa ukoo, wakwe zetu mliopanda milima kutoka Mbaha, ndugu zetu Waislamu mliofunga maduka yenu na kuketi nasi juani mkiwa katika mfungo wa Ramadhani, na ninyi nyote mliokuja kutusindikiza, Tumsifu Yesu Kristo, na Asalaam aleikum.

Mimi ni Augustino Kumburu, mwalimu mstaafu, baba mdogo wa marehemu, na ukoo umenituma niwasomee maisha ya mtoto wetu Othmar Placidi Kumburu. Kabla sijaanza, naomba mjue kwamba mdogo wake, Raimundi, ambaye ana ugonjwa ule ule aliokuwa nao marehemu, amekaa pale karibu na jeneza, mguu ameunyoosha juu ya kigoda kwa sababu goti limejaa damu tena tangu juzi, dawa yake imeletwa na ipo hapa msibani, naye amekataa kuchomwa. Jana jioni nilimbembeleza, akanijibu, “Baba mdogo, waambie watu wewe mwenyewe nani aligawa, ukishasema nitachomwa, usiposema nizikeni naye.” Kwa hiyo nitasoma bila kuruka kitu, nanyi mnivumilie.

Marehemu alizaliwa hapa Namswea tarehe 9 Juni 1994, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa marehemu Placidi Kumburu na mama Walburga, dada yake mkubwa akiwa Notburga, na mdogo wake akiwa huyu Raimundi, aliyezaliwa mwaka 2003. Alipoanza kutambaa, magoti yake yalitoka madoa meusi kama mtu aliyepigwa, na wapo waliomtazama mama yake kwa jicho baya, wakidhani anamwadhibu mtoto mchanga. Tulikuwa tumesahau kwamba kaka yake Walburga, Hyasinti, alikufa mwaka 1987 baada ya kung'olewa jino, akitoka damu siku sita, na kwamba kwa kifo kile tulimsingizia uchawi bibi mmoja jirani, ambaye alihama na hakurudi tena. Bibi yule hakuwa na kosa lolote, na kwa kuwa hatukuwahi kulisema jambo hilo hadharani, nalisema leo.

Alianza darasa la kwanza hapa Namswea mwaka 2002, darasa la tatu akalirudia kwa sababu ya kulazwa mara kwa mara, na wenzake walimpa jina la Yai, wakimwimbia uwanjani, “Yai, usivunjike!”, naye akiwajibu, “Mimi la kuchemsha, njooni mnimenye.” Mwaka 2007, alipotoka damu ya jino kama mjomba wake, padre mmoja alimpeleka kwa gari lake hadi hospitali kubwa, na huko ndiko tulikosikia kwa mara ya kwanza jina himofilia, yaani upungufu wa ile protini inayoigandisha damu, ugonjwa ambao mama huubeba bila kuumwa na mtoto wa kiume akazaliwa nao. Walimpima na Raimundi, wakakuta ni yale yale. Marehemu alimaliza kidato cha nne mwaka 2013, akitembelea fimbo, maana kifundo cha mguu wa kulia kilikuwa kimeshakakamaa.

Kwa hali ile asingeweza kuchimba ngoro, na kijana wa Kimatengo asiyeweza kuchimba mashimo ya shamba la baba yake hujiona si mtu kamili, nadhani hilo lilimuuma kuliko mguu. Mwezi Julai 2014 chama chetu cha msingi cha kahawa kilimwajiri kuwa karani wa mizani, kazi aliyoifanya hadi mwisho, na wakulima mliopo hapa mtanisahihisha nikikosea, sijasikia hata mmoja akilalamika kwamba Othmar alimpunja kilo. Mtu alipoleta kahawa mbichi ili gunia lizidi uzito, alikuwa akisema kwa adabu, “Shikamoo mama mkubwa, hapa tunapima kahawa, umande tunamwachia Mungu,” na mama mkubwa akarudi nalo kulianika, akicheka.

Tarehe 20 Agosti 2016 alifunga ndoa takatifu na Beata, binti wa Mbaha, ambaye aliambiwa ukweli wote kabla ya posa na akasema kwao ziwa huchukua watu wazima wasio na ugonjwa wowote. Mungu aliwajalia watoto wawili, Scholastica, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2018, na Joakim, aliyezaliwa tarehe 27 Oktoba 2021. Joakim hana ugonjwa huu na hawezi kuupitisha kwa wanawe. Scholastica ameupokea kwa baba yake kama jambo la kubeba, na ninawaomba mtakaokuwa hai atakapoolewa mkumbuke kwamba mtoto wake wa kiume apimwe kwanza, kabla ya kutahiriwa na kabla ya jino lolote kung'olewa, asije naye akalazwa hapa tukaanza kutafuta mchawi.

Tangu mwaka 2019 ndugu hawa wawili walikuwa wakipata dawa ya msaada inayorudisha ile protini iliyopungua, wenyewe wakiiita fakta, na marehemu alifundishwa kliniki kuichanganya na kuichoma kwenye mshipa, wake na wa mdogo wake. Chupa zilihifadhiwa kwenye friji ya Mzee Bwanali pale senta, katikati ya soda, na mzee huyu hakuwahi kuruhusu mteja afungue friji ile kwa mkono wake. Dawa hii haina dozi moja kwa watu wote, hupimwa kwa uzito wa mtu na kwa mahali damu inapovujia, goti lina kipimo chake na kichwa kina chake, kikubwa zaidi. Marehemu alikuwa na kilo sitini, na kichwa kikigongwa alitakiwa kupata yuniti hamsini kwa kila kilo, yaani yuniti elfu tatu, yaani chupa sita. Raimundi ana kilo hamsini, na kwa goti humtosha chupa tatu. Hesabu hizi marehemu alizijua kama jina lake, mimi nimejifunza wiki hii.

Jumatano tarehe 12 Machi 2025 marehemu aliteleza kwenye mawe ya ufukweni Mbaha, alikokwenda kuwasalimu wakwe, akagonga kisogo. Alirudi siku hiyo hiyo, akafika saa kumi na moja jioni, akaniambia, “Shikamoo baba mdogo, mawe ya Mbaha yamenikataa ukwe,” nasi tukacheka, maana hakukuwa na jeraha wala nundu. Ndani alikuwepo Raimundi, aliyeanguka asubuhi akishuka shambani, goti limevimba, akiuma shuka asipige kelele. Chupa zilizokuwepo kwa Mzee Bwanali zilikuwa sita. Tulimpigia simu Nesi Hildegardi wa kliniki, akasikika na wote waliokuwepo akisema, “Othmar mwanangu, kichwa hakisubiri, sita zote ni zako, choma sasa hivi, halafu mtafute gari mje, Raimundi mfungeni goti na kitambaa cha maji baridi, zake nitazituma kesho.”

Ndugu waombolezaji, sisi tumelelewa katika sengu, baraza la ukoo ambamo kila nyumba huleta chakula chake, vyote vikawekwa pamoja na kuliwa pamoja, na hakuna anayenawa ameshiba huku mwenzake ana njaa. Sengu ndiyo iliyonisomesha, na jioni ile mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wake. Nilisema watoto wanaoumwa ni wawili, chupa ni sita, kila mmoja apate tatu. Mama Walburga akasema, “Shemeji, nesi amesema sita,” nami nikamjibu neno ambalo tangu Jumamosi nalisikia kila ninapofumba macho, “Nesi hana watoto wawili hapa.” Raimundi akasema, “Kaka, choma wewe, hili goti nimelizoea,” na marehemu akamkatiza, “Acha kelele, goti lako limekuwa boga, kichwa changu kiko salama.” Akamchoma mdogo wake kwanza, chupa tatu, kisha akajichoma tatu zilizobaki.

Kwa Raimundi zilikuwa dozi kamili, kwa Othmar zilikuwa nusu, na dawa hii hupungua mwilini kwa nusu nyingine kila zikipita kama saa kumi na mbili. Mtu aliyeshinda miaka kumi mbele ya mizani hakushindwa kujua hivyo. Kama alinyamaza kwa kuniheshimu, au kwa kumpenda mdogo wake, au kwa sababu kweli hakusikia maumivu, sijui, na sitamsemea. Ninachojua ni kwamba mdogo wake hakuomba, hakunyang'anya, na maneno yaliyosemwa jikoni juzi kwamba Raimundi amemla kaka yake si kweli. Aliyegawa ni mimi, Augustino.

Alhamisi aliamka mzima, akashinda uani akimfundisha Joakim kuhesabu, nasi tukaona gari si lazima, ingawa chupa alizoahidi nesi hazikuwa zimefika. Ijumaa alfajiri alilia kichwa, akatapika, akamwita Scholastica kwa jina la mama yake, tukaondoka naye kwenye barabara iliyojaa matope, tukafika hospitali saa tano asubuhi. Madaktari walimpa dozi nzima bila kuuliza maswali ya kutuumiza, lakini damu ilikuwa imeshavujia ndani ya kichwa muda mrefu. Alifariki dunia Jumamosi tarehe 15 Machi 2025, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka thelathini, miezi tisa na siku sita. Ameacha mke, watoto wawili, mama, dada na mdogo wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania hadi mwisho, Nesi Hildegardi aliyesafiri na dawa hadi hapa, wafanyakazi wenzake wa chama cha msingi, Mzee Bwanali na mkewe Mwanahawa kwa friji yao na kwa unga walioleta, vijana waliochimba kaburi kwenye mvua, akina mama mliopika huku mkiwa na majonzi, na wakwe zetu wa Mbaha, ambao mngeweza kutuuliza mengi lakini mmetushika mikono tu.

Raimundi mwanangu, nimesema, na watu wote wamesikia. Nesi amekaa nyuma yako, chupa ni tatu, amezipima kwa uzito wako, hakuna wa kugawana nawe. Hutabeba jeneza, kaka yako watambeba wengine. Baba Padre ameridhia kwamba jeneza halitainuliwa mpaka dawa iishe kwenye sindano, ni kazi ya dakika chache, na ninawaomba ndugu waombolezaji tukae kimya tumsubiri.

Othmar, mtoto wa kaka yangu, pumzika kwa amani, sisi bado tumekaa na mdogo wako.