Historia ya Mzee Wetu, Fundi wa Vifuniko vya Mabawa

Ndugu, majirani, na ninyi wenzake wa uwanja wa ndege mliokuja moja kwa moja kutoka kazini na grisi bado kuchani, familia inawaomba utulivu mdogo, ili tumzungumzie baba yetu kama alivyokuwa, maana mwenyewe hakupenda kusifiwa, na leo hana namna ya kutukatiza.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa baba fundi baiskeli na mama mshonaji, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, kisha shule ya ufundi hadi Novemba 1970, ambako walimu walimwandikia kwamba ni mzito wa kusema na mwepesi wa mikono. Tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa katika karakana ya ndege ndogo, yenye ndege mbili na mlango wa bati uliopakwa rangi ya buluu, akapewa kazi ambayo mafundi wenzake waliikwepa kwa kuiona ya kitoto, yaani kutunza vifuniko vya matangi ya mafuta yaliyomo ndani ya mabawa.

Ukubwa wa kazi hiyo hata sisi wanawe tulichelewa kuuelewa. Kifuniko hukaa juu ya bawa, katika kishimo ambamo mvua hutuama, na kinachozuia maji yasiingie kwenye mafuta ni mpira mmoja wa mviringo, mwembamba kama bangili ya mtoto mchanga, ambao jua huukausha mpaka ukapata nyufa zisizoonekana ila kwa kuukunja kidoleni, na maji yakipita hapo huzama chini ya mafuta, yakangoja ndege iwe hewani. Watu wazima, na mizigo yao na mipango yao, wako angani kwa hisani ya mpira huo.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na mama yetu, opereta wa simu, wakajaliwa watoto wanne, waliozaliwa mwaka 1978, 1980, 1983 na 1987, na sote tumekulia katika nyumba ambayo chupa ya chai akishaifunga baba, haifunguki mpaka aitwe jirani mwenye misuli.

Tarehe 14 Aprili 1983, baada ya mvua ya siku mbili, marehemu alikinga mafuta kidogo kutoka chini ya tangi katika glasi ya kupimia, akaiinua kutafuta ule mstari unaotenganisha maji na mafuta, asiuone, akamwambia rubani aende. Mafuta ya ndege hizo yana rangi ya buluu, na nyuma ya glasi kulikuwa na ule mlango wa buluu, uliofanya hata maji yaonekane ya buluu, na mstari haukuonekana kwa sababu glasi nzima ilikuwa maji matupu. Injini ilizima mara tu ndege ilipoinuka, rubani akaishusha shambani, abiria wawili wakatoka wazima, yeye akavunjika mguu.

Wakubwa wakaandaa ripoti kwamba rubani ndiye aliyezembea, anyang'anywe leseni, na fundi mkuu akamshauri marehemu afunge mdomo, afikirie mke na watoto, na mama ametutuma tuseme leo kwamba hata yeye, akiwa na mimba ya miezi sita, alimsihi hivyo hivyo. Tarehe 18 Aprili alipiga pasi shati lake, akaingia ofisini, akaandika kwa mkono wake kwamba ule mpira aliuona umechoka tangu Februari akauacha, na glasi aliisoma vibaya, kosa ni lake. Alishushwa cheo, akafagia karakana miezi minane, na aliyemrudisha kwenye vifuniko ni rubani yule yule, aliyekataa katakata kuruka na ndege iliyofungwa vifuniko na mtu mwingine.

Tangu hapo alibadilisha kila mpira kila mwaka, mzima na mbovu, akaupaka grisi kwa kidole, akafunga, akamwaga maji juu ya kifuniko na kuyangoja saa nzima, kisha akapima mafuta kwa glasi mbele ya kitambaa cheupe alichokata kwenye foronya ya mama, akanusa, akadondoshea kiganjani aone kama yanakauka, na mafundi walioanza kwa kumcheka waliishia kusimama wakimtazama. Alistaafu tarehe 31 Desemba 2011, na katika miaka hiyo yote hakuna tone lililopita tena.

Mwaka 2017 alianza kusumbuliwa na figo, akalazwa tarehe 6 Mei 2019, na akafariki tarehe 2 Juni 2019, saa kumi alasiri, akiacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia alipokuwa akikagua mipira ya dripu, majirani mliolala nasi msibani, na ninyi mafundi mliombeba. Na wewe rubani, uliyekaa hapo mbele na fimbo yako, baba alituachia neno la kukupa, ambalo alitukataza kulisema akiwa hai, usije ukamwonea huruma. Tangu uliporudi kazini, kila ulipokuwa angani hakukaa kitini, alikula wima, alijaza fomu wima, mpaka sauti yako isikike redioni kwamba umetua.

Baba, rubani yuko chini, mzima, tunamwona. Kaa sasa, upumzike kwa amani.