Mzinga Usiopakwa Nta

Treni ilipotoka Itigi, mzee mmoja katekista aliyekaa mbele yangu, mwenye ndoo ya asali miguuni, alimuuliza dada aliyekaa pembeni yake anakwenda wapi. Severina, kwa jina alilojitambulisha nalo baada ya shikamoo, akajibu kwamba anakwenda Dodoma kuulizia kupandikizwa mimba. Behewa zima likaacha kutafuna karanga.

"Mwanangu, mtoto anatoka kwa Mungu," mzee akasema. "Daktari anaingiaje hapo?"

"Nimeomba miaka mingi, baba. Hiyo asali ni ya mizinga yako?"

Mzee akachangamka. Ni yake.

"Na nyuki wanaletwa na nani?"

"Na Mungu."

"Kwa hiyo mzinga unautundika tu, unasubiri."

"Aa, lazima uupake nta kwanza. Usipoupaka unakaa mtupu mpaka..." Mimi nikatazama nje, kwa heshima.

"Nta si daktari," mzee akasema baadaye sana.

Tulipokaribia Manyoni akainua ndoo yake, tayari kushuka. "Na mumeo, amepimwa?"

"Hataki. Anasema yeye anamwachia Mungu."

Mzee akairudisha ndoo chini. "Huyo," akasema, "nisingemwachia hata mzinga mmoja."

Treni ikasimama.