Mwalimu Aliyepiga Magoti Mlangoni Pake

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemsindikiza leo wengi mlimwita Mwalimu. Wenye midomo yao walimwita Bwana Inama, kwa jinsi alivyokuwa akiinamia kila mtu, hata mdai kodi. Alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, kitinda mimba wa mshona viatu na mfuaji wa nguo za hospitali. Alitanguliza miguu, na mkunga akasema huyu atakuwa mgomvi. Mkunga alikosea. Dada yake mkubwa, aliyemlea mgongoni, hakumbuki hata siku moja aliyompiga mtoto wa mwenzake. Kupigwa alipigwa. Akirudi na mdomo umevimba na kuulizwa mbona hakurudisha, alijibu, "Dada, yule naye kwao anapigwa."

Alimaliza darasa la saba mwaka 1966, mwaka aliofariki baba yao, na masomo yakaishia hapo. Mwaka 1970 aliajiriwa kiwanda cha nguo, akawa fundi wa kutengeneza vyerehani. Huko ndiko alikokutana na mhandisi mgeni aliyekuja kufunga mashine mpya, mzee mfupi wa maneno machache, mzaliwa wa Okinawa, visiwa vilivyoizaa karate. Jioni walisogeza marobota ya vitambaa pembeni mwa ghala, mzee akamfundisha. Alimweleza kwamba watu wa visiwa vile walikuwa na mchezo wao wa kujikinga, wakauchanganya na maarifa ya Wachina waliofanya nao biashara, wakarithishana kimya kimya mpaka ukaingia mashuleni. Jina lake maana yake ni mkono mtupu. Majirani waliposikia hivyo walicheka: "Mkono mtupu tunao sote, cha kujifunza nini?"

Cha kujifunza kilikuwepo. Karate huanza kwa heshima na kuisha kwa heshima, na mwanakarate haanzi kupiga. Hayo marehemu aliyashika kama mtoto anavyoshika kanga ya mama yake. Mhandisi alipoondoka mwaka 1974 alimvulia mkanda wake mweusi akamfunga kiunoni. Cheti hakumpa. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba utu wa mtu utakuja kuulizwa cheti.

Mwaka 1976 alikodi ghala la magunia nyuma ya kiwanda, akalifagia vumbi la miaka, akaanza kufundisha watoto wa mtaani kila alipotoka kazini. Kanzu zao za mazoezi alizishona mwenyewe kwa vipande vilivyokataliwa kiwandani. Sheria yake kubwa ilikuwa hii: aliyechelewa haingii. Anapiga magoti mlangoni, anafumba macho, anangoja mpaka mwalimu amwite. Na Mwalimu hakukawia kuita. Kuna mtoto mmoja alichelewa sana, akapiga magoti, usingizi ukamchukua palepale. Mwalimu alimfunika koti lake, akamalizia somo kwa kunong'ona. Mtoto huyo leo ni Katibu wa chama cha karate, na yumo humu ndani, na suti yake.

Tarehe 12 Desemba 1979 alifunga ndoa na mpishi wa kantini ya kiwanda. Wiki ya kwanza tu ya ndoa alichelewa kurudi. Hakubisha hodi. Bibi harusi alimkuta kwenye mlango wa jikoni kapiga magoti, macho kafumba.

"Ndiyo nini sasa?"

"Nimechelewa. Nangoja kuitwa."

"Na nisipokuita?"

"Nitangoja."

"Utangoja na wali unapoa? Ingia, mwanamume wewe, usinichekeshe na hasira zangu!"

Wakajaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na mwana, ambaye ni fundi umeme.

Alistaafu kiwandani mwaka 2011, lakini ghalani hakustaafu. Aliondolewa. Mwaka 2018 wanafunzi wake wa zamani waliunda chama, wakachukua lile ghala, wakalipaka rangi, wakaweka viti vya wageni. Wakamwambia cheo chake hakitambuliki kwa kuwa hana cheti. Hakubishana. Dada yake alimwambia, "Wamekupiga kwanza hao, sasa rudisha!" Akasema, "Dada, mimi ndiye niliyewafundisha." Kana kwamba hilo ni jibu.

Tarehe 25 Oktoba, duniani kote wanakarate husherehekea siku yao, kwa kukumbuka kikao cha mwaka 1936 ambapo walimu wa Okinawa walikubaliana juu ya jina la mkono mtupu. Mwaka 2022 chama kilisherehekea kwa ngoma na mgeni rasmi. Mwalimu hakualikwa, alisikia redioni, akajifunga mkanda wake, ambao weusi wake ulikuwa umelika hadi nyuzi nyeupe, akaenda. Alikuta wameshaanza. Basi akafanya alichowafundisha: alipiga magoti mlangoni, kwenye saruji, mzee wa miaka sabini na moja, akafumba macho.

Hotuba zikasomwa. Vikombe vikagawiwa. Keki ikakatwa. Binti yake alipokwenda kumtafuta alimkuta hapohapo, watu wakimruka wakitoka nje.

"Baba, inuka twende."

"Hawajaniona, mama."

"Wamekuona, baba. Katibu amekutazama mara ngapi!"

"Basi hawajaniita."

Mwaka uliofuata figo zilianza kumsumbua. Alilazwa mara kadhaa, na kila mlango wa wodi ulipofunguliwa aligeuza shingo. Aliyeingia alikuwa mkewe, au wanawe, au dada yake na fimbo yake. Alifariki tarehe 3 Februari 2024, asubuhi, mkewe akimkanda miguu.

Juzi chama kilifika msibani na mkanda mpya wenye maandishi ya dhahabu, wakaomba ulazwe juu ya jeneza, na Katibu apewe nafasi ya kusema. Mjane alimjibu Katibu, "Mwanangu, ulikula jikoni kwangu, nitakujibu kama mwanangu. Huo mkanda haujatoka jasho. Urudishe dukani." Marehemu anazikwa na mkanda wake uliolika.

Ameacha mjane, binti, mwana, wajukuu wanne na dada mmoja. Ameacha na wanafunzi wengi, na hao familia haiwafukuzi. Wamechelewa, na sheria ya waliochelewa wanaijua: wapige magoti pale pembeni ya kaburi, wafumbe macho, wangoje kuitwa. Aliyekuwa akiita ndiye huyu tunayekwenda kumfukia.

Na wewe, ndugu yetu, Mungu asikuache mlangoni. Akuite ndani upesi, maana magoti yako yamechoka.